Kurudi kwenye Civilization ya mwaka 1991: mwongozo kwa anayeianza upya

Mwaka 1991 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Civilization, uliobuniwa na Sid Meier akishirikiana na Bruce Shelley. Mchezaji huanza mwaka 4000 KK akiwa na kundi moja la walowezi, au mawili kama ana bahati, katikati ya ramani iliyofunikwa na giza. Kutoka hapo anatakiwa ajenge miji, avumbue maarifa, apigane na majirani au apatane nao, hadi aitawale dunia yote au apeleke chombo chake kwenye nyota ya Alpha Centauri kabla ya wengine. Hakuna kukimbizana na saa: unacheza zamu yako kwa utulivu, unaimaliza, ndipo wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta wanacheza za kwao.

Mwongozo huu umekusudiwa mtu aliyeucheza zamani akausahau, pamoja na yule aliyezoea matoleo yaliyofuata na sasa anataka kuliona chimbuko lake. Wote wawili wana tatizo moja, nalo ni mazoea. Aliyecheza utotoni anazikumbuka picha na kuzisahau hesabu; aliyetoka kwenye matoleo mapya anazo hesabu, ila si za mchezo huu. Mimi mwenyewe niliporudi nilishindwa mara mbili mfululizo kwa kufuata kanuni za toleo la pili, lililotoka mwaka 1996, nikidhani ni zile zile. Sheria za toleo la kwanza ni chache kiasi kwamba zinaweza kukaa kichwani zote, na aliyekwisha kuzishika hahitaji mbinu nyingi zaidi ya hizo.

Kuufungua kwenye kompyuta ya leo

Toleo la kwanza liliandikwa kwa ajili ya mfumo wa MS-DOS, na Windows ya biti 64 haiwezi kuliendesha moja kwa moja. Njia iliyozoeleka ni kutumia DOSBox, programu ya bure inayoiga kompyuta ya zama hizo. Ukishaisakinisha, weka faili zote za mchezo katika folda moja yenye jina fupi lisilo na nafasi, kisha ndani ya DOSBox andika amri ya mount, ikifuatwa na herufi c na anwani ya folda hiyo, ili folda igeuke kuwa diski ya C. Baada ya hapo andika c: na kubonyeza kitufe cha kuingiza, halafu andika civ, na mchezo utaanza kwa kukuuliza aina ya picha, ya sauti na ya kidhibiti unachotaka kutumia. Chagua VGA kwa picha, kwa kuwa chaguo nyingine zilikuwa za viwambo duni zaidi.

Mambo machache ya DOSBox yanafaa kujulikana mapema. Mchezo ukienda kwa kusuasua, bonyeza Ctrl na F12 kuuongezea kasi. Ukienda mbio kupita kiasi, Ctrl na F11 huupunguza. Alt pamoja na kitufe cha kuingiza hujaza kiwambo kizima, na Ctrl na F10 huachia kipanya kilichonaswa ndani ya dirisha. Jihadhari na Ctrl na F9, ambavyo huifunga programu papo hapo bila kuuliza na bila kuhifadhi chochote. Vidole vinavyotafuta F10 gizani huweza kufuta karne kadhaa za himaya.

Kibodi nayo ina neno lake. Vikosi husogezwa pande 8, na mchezo ulidhania kwamba kila mtu ana vitufe vya tarakimu upande wa kulia, ambavyo kompyuta nyingi za kupakata hazina. Ukijaribu kucheza kwa vishale 4 tu utashindwa kwenda kimshazari, na hilo si usumbufu mdogo, maana hatua ya kimshazari hugharimu sawa na hatua ya kunyooka. Nunua kibodi ndogo ya tarakimu, au bonyeza Ctrl na F1 ndani ya DOSBox uvigawe upya vitufe ulivyo navyo. Amri zinazohitajika kila mara ni chache: B kwa kujenga mji, R kwa barabara, I kwa kumwagilia, M kwa kuchimba mgodi, F kwa kujihami, S kwa kulinda bila kuitwa kila zamu, na upau wa nafasi kwa kikosi kisicho na kazi.

Kitabu cha maelezo kisitupwe. Katikati ya mchezo utaulizwa swali kuhusu ugunduzi upi hutangulia upi, ambalo liliwekwa kuzuia nakala haramu, na adhabu ya kukosea huangukia majeshi yako. Asiye na nakala halali ya mchezo wa asili anaweza kutumia Freeciv, mchezo huria ulioanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Ndani yake kuna seti ya kanuni inayofuata toleo la kwanza, na mengi nitakayoyaeleza hapa utayaona huko, ingawa sura yake ni tofauti na wapinzani wake wana tabia zao.

Kuchagua dunia

Mchezo una ngazi 5 za ugumu, ya chini kabisa ikiwa ya chifu na ya juu kabisa ikiwa ya maliki. Anayerudi baada ya miaka mingi asione haya kuanzia ngazi ya pili. Ya kwanza ni nyepesi mno kiasi cha kukufundisha uvivu, na ya nne na ya tano zitakuadhibu kwa makosa ambayo bado hujui kama ni makosa. Idadi ya mataifa ni kati ya 3 na 7. Chagua 5, wawepo majirani wa kutosha kubadilishana nao maarifa bila ya kila ufuko kuwa na mtu.

Kuna taifa 14 za kuchagua, kuanzia Warumi na Wamisri hadi Wazulu wa Shaka, lakini katika toleo hili taifa lako halikupi kikosi wala jengo la pekee kama ilivyokuja kuwa baadaye. Chagua unalolipenda. Ramani ya Dunia huvutia kwa sababu kila taifa huanzia mahali pake pa kihistoria, ila kwa anayejifunza upya nashauri ramani ya kubahatisha, kwa kuwa ukijua bahari iko wapi na milima iko wapi utaupoteza upelelezi, ambao ndio nusu ya raha ya zamu 100 za mwanzo. Ramani ina miraba 80 kwa 50, na hujikunja mashariki na magharibi kama mpira.

Kalenda nayo ieleweke, kwa sababu inabadilisha maana ya haraka. Hadi mwaka 1000 BK kila zamu ni miaka 20, hivyo kipindi chote cha kale ni zamu 250. Kutoka hapo hadi 1500 zamu huwa miaka 10, hadi 1750 miaka 5, hadi 1850 miaka 2, na baada ya hapo mwaka mmoja mmoja. Katika ngazi ya kwanza mchezo hufungwa mwaka 2100, na katika ngazi ya tano mwaka 2020. Unapoona mwaka 1000 BK umefika usidhani uko katikati ya safari kwa sababu tu historia uliyosoma inakuambia hivyo. Hesabu zamu, usihesabu karne.

Mji na miraba yake

Kila mji hutumia ardhi iliyo ndani ya umbo la miraba 5 kwa 5 lililokatwa pembe zake nne, yaani miraba 21 pamoja na ule wa katikati. Mraba wa katikati hufanya kazi bure, na kila raia hufanya kazi katika mraba mmoja zaidi. Kila mraba hutoa vitu vya aina tatu: chakula, ngao ambazo ndizo nguvu ya ujenzi, na biashara ambayo hugawanywa kuwa kodi, utafiti na anasa. Nyasi hutoa chakula 2, tambarare hutoa chakula 1 na ngao 1, msitu chakula 1 na ngao 2, na bahari chakula 1 na biashara 2. Kila raia hula chakula 2.

Tuufuate mji mmoja tangu siku ya kwanza. Umejengwa kwenye nyasi, una raia mmoja anayelima mraba mwingine wa nyasi. Mraba wa katikati unaleta chakula 2, raia analeta 2, jumla 4. Yeye anakula 2, zinabaki 2. Mji wa raia mmoja huhitaji akiba ya chakula 20 ili uongezeke, kwa hiyo itachukua zamu 10, sawa na miaka 200. Walowezi wapya hugharimu ngao 40 na huchukua raia mmoja wa mji. Ukiwa na ngao 2 kwa zamu, utawapata baada ya zamu 20. Kazi ya mwanzo wa mchezo ni kupanga hesabu hizi mbili, ya chakula na ya ngao, zifike pamoja: ukimaliza walowezi kabla mji haujafika raia 2 unasubiri bure, na ukifika raia 3 bila walowezi umechelewa. Bofya miraba ndani ya kiwambo cha mji na umhamishe raia kati ya nyasi na msitu kila inapobidi. Kompyuta itampanga yenyewe ukiiacha, lakini haijui unakimbilia nini.

Wengi hutawanya miji ili kila mmoja upate miraba yake yote 21 bila kugongana na jirani. Hesabu haiwaungi mkono. Katika toleo hili mji haupiti raia 10 bila mfereji wa maji, na mji wa raia 10 unatumia miraba 11 tu. Miji miwili inayogongana kwa miraba 6 au 8 haitadhurika kwa sehemu kubwa ya mchezo, na ukaribu wao huwarahisishia ulinzi, barabara na udhibiti wa ufisadi, ambao huongezeka kadiri mji unavyokaa mbali na ikulu. Mimi huacha miraba 2 au 3 kati ya mji na mji, na hulazimisha angalau kila mji wa pili ugusie bahari au mto.

Vijiji vidogo vilivyotawanyika ramani vitembelewe mapema. Vinaweza kukupa fedha, maarifa, kikosi cha askari wa kukodi au hata mji mzima, na pia vinaweza kukutolea wavamizi. Usiwatume walowezi kufungua kijiji mradi kuna askari wa kuitenda kazi hiyo.

Serikali, na kosa la kumwagilia nyasi

Unaanza chini ya utawala wa mabavu, na serikali hiyo ina kanuni moja ambayo asiyeijua hupoteza makumi ya zamu: mraba wowote unaotoa zaidi ya 2 ya kitu chochote hupunguziwa 1. Nyasi hutoa chakula 2. Ukizimwagilia zinapaswa kutoa 3, lakini utawala wa mabavu unaikata ile moja na unabaki na 2. Walowezi wako wamefanya kazi ya bure. Chini ya serikali hii mwagilia tambarare, ambazo kutoka 1 hupanda hadi 2, na nyasi ziwekee barabara, kwa kuwa barabara huongeza biashara 1 juu ya nyasi, tambarare na jangwa. Umwagiliaji wa nyasi usubiri serikali nyingine.

Serikali hiyo nyingine kwa kawaida ni ufalme, na njia yake ni fupi: alfabeti, kisha kanuni za sheria, mazishi ya ibada, halafu ufalme wenyewe. Ni ugunduzi 4 tu, na anayeufuata mfululizo anakuwa mfalme wakati jirani zake wangali wanahangaika. Kubadili serikali huleta kipindi cha vurugu, ambapo utafiti husimama, kwa hiyo fanya mapinduzi wakati hakuna adui mlangoni.

Ipo njia ya pili ambayo matoleo ya baadaye yaliifuta. Katika toleo hili piramidi, ambazo hujengwa kwa ngao 300 baada ya kuvumbua uashi, humwezesha mwenye nazo kubadili serikali bila vurugu, na kuingia serikali yoyote hata ambayo hajaivumbua. Aliyetoka kwenye toleo la pili anazijua piramidi kama ghala la nafaka la kila mji, basi anazipita bila kuzitazama. Hilo ndilo lililoniponza mara ya kwanza. Mwenye piramidi anaweza kuwa na jamhuri au demokrasia katika zama za shaba, na faida yake si ndogo, kwa kuwa chini ya serikali hizo mbili kila mraba ambao tayari una biashara huongezewa 1. Mji wa pwani wenye raia 6 wanaovua baharini hutoka biashara 12 hadi 18 kwa siku moja. Athari za piramidi hukoma ukomunisti unapovumbuliwa, lakini hadi wakati huo utakuwa umeshavuna.

Jamhuri na demokrasia zina deni lake. Kila kikosi cha vita kilicho nje ya mji humchukiza raia mmoja wa mji uliokitoa chini ya jamhuri, na wawili chini ya demokrasia. Baraza la wawakilishi hukuzuia kutangaza vita na hukulazimisha kukubali amani inapoombwa. Anayepanga kuteka bara zima abaki kwenye ufalme au aende kwenye ukomunisti. Anayepanga kushinda kwa utafiti akimbilie demokrasia, ambayo haina ufisadi kabisa, akae ndani ya kuta zake.

Raia wenye hasira

Ugumu wa ngazi unaonekana hapa kuliko mahali pengine popote. Katika ngazi ya kwanza raia 6 wa mwanzo wa kila mji huzaliwa wakiwa wameridhika. Katika ya pili ni 5, ya tatu 4, ya nne 3, na ya tano 2 tu. Kila anayezaliwa baada yao huzaliwa na hasira. Wenye hasira wakizidi wenye furaha, mji huingia ghasia: hakuna kodi, hakuna utafiti, hakuna ujenzi. Chini ya demokrasia ghasia zikiachwa ziendelee, serikali nzima huanguka.

Kwa hiyo ufa uzibwe kabla haujaonekana. Zamu moja kabla mji haujavuka idadi ya walioridhika, uwe na hekalu linalokaribia kukamilika. Ukichelewa, mwondoe raia mmoja shambani awe mtumbuizaji. Mji utapoteza mraba mmoja lakini utatulia. Chini ya utawala wa mabavu, ufalme na ukomunisti, askari waliomo ndani ya mji hutuliza raia, na ndiyo sababu kikosi dhaifu cha ngao 10 ni mnunuzi wa amani wa bei nafuu katika miji ya mwanzo. Hesabu hiyo huvunjika ghafla unapohamia jamhuri. Wengi wanaolalamika kwamba jamhuri iliwavurugia himaya kwa kweli waliingia humo wakiwa na mahekalu matatu na askari kumi na tano.

Anasa, ambazo kazi yake ni kuwafurahisha raia, zina matumizi mengine ambayo hupendeza sana kuyatazama. Chini ya jamhuri au demokrasia, mji wenye angalau nusu ya raia wenye furaha na bila mwenye hasira hata mmoja husherehekea, na unaposherehekea huongeza raia mmoja kila zamu mradi chakula kinatosha. Pandisha kiwango cha anasa kwa zamu 5 au 6, uitazame miji ikikua kama uyoga, kisha kirudishe. Hakikisha tu kwamba mifereji ya maji imejengwa kabla, la sivyo sherehe zote zitakwama kwenye raia wa 10.

Vita vya kurusha kete mara moja

Hapa ndipo toleo la kwanza lina sifa mbaya, na kwa maoni yangu sifa hiyo si ya haki. Hakuna kujeruhiwa. Vikosi viwili vinapokutana, nguvu ya kushambulia ya mmoja hupimwa dhidi ya nguvu ya kujihami ya mwingine, bahati huamua mara moja, na mmoja hufutika. Uwezekano wa mshambuliaji kushinda ni takribani nguvu yake ikigawanywa kwa jumla ya nguvu zote mbili. Toleo la pili ndilo lililoleta afya ya vikosi na uzito wa silaha, na likayafanya matokeo yatabirike zaidi.

Habari mashuhuri ya kikosi cha mikuki kuzamisha manowari inatoka katika hesabu hiyo, na haina muujiza wowote. Falanksi, yaani kikosi hicho cha mikuki, ina nguvu ya kujihami 2. Ikijihami ndani ya mji huongezewa nusu, inakuwa 3. Manowari hushambulia kwa 18. Jumla ni 21, na falanksi hushinda mara 1 katika 7. Uweke mji huo juu ya kilima, ambacho huongeza ulinzi maradufu, na falanksi inakuwa na 6 dhidi ya 18, yaani hushinda mara 1 katika 4. Aliyepeleka manowari 4 dhidi ya mji kama huo akapoteza moja hakuonewa na mtu. Alipata kile ambacho hesabu ilimwahidi.

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili. La kwanza ni kwamba ardhi ina thamani kuliko silaha. Kilima huongeza ulinzi mara 2, mlima mara 3, na mto au msitu huongeza nusu. Ukuta wa mji huuzidisha ulinzi mara 3 dhidi ya wanaokuja kwa nchi kavu. Falanksi ile ile nyuma ya ukuta juu ya kilima ni 2 mara 2 mara 3, yaani 12, na mtambo wa kurushia mawe, ambao ndio mshambuliaji mkali wa zama za kale kwa nguvu yake ya 6, atashinda mara 1 tu katika 3. Kila mtambo hugharimu ngao 40 na falanksi hugharimu 20. Mfanye adui alipe bei hiyo mara kwa mara, naye atafilisika kabla yako. Mji wa mpakani ujengwe kilimani hata kama bonde la pembeni lina rutuba zaidi.

La pili ni kutosongamana. Vikosi kadhaa vikisimama mraba mmoja nje ya mji au ngome, kikosi chenye ulinzi bora hupigana kwa niaba ya wote, na kikishindwa wote hufa pamoja nacho. Nimepoteza mitambo 5 ya mawe na walinzi wake 2 kwa pigo moja la kikosi cha farasi. Safirisha jeshi likiwa limetawanyika, likutane kwenye mraba wa mwisho, na mraba huo uwe kilima au msitu. Vivyo hivyo, adui akikuletea rundo la askari mlangoni, usijifungie: shambulia rundo hilo kwa gari la farasi, ambalo hushambulia kwa 4, na mara nyingi utalifuta jeshi zima kwa bei ya kikosi kimoja.

Wavamizi wa baharini hushuka pwani bila taarifa, na mji wa pwani usio na mlinzi wa kweli ni wao. Wakishuka na kiongozi wao, mnase akiwa peke yake, na utalipwa fidia ya vipande 100 vya dhahabu.

Kuhusu majirani, puuza hadithi maarufu kwamba Gandhi wa mchezo huu alikuwa mpenda mabomu ya nyuklia kwa sababu ya hitilafu ya hesabu katika programu. Meier mwenyewe alikwisha kuikanusha mwaka 2020. Mtazame kila mfalme kwa mipaka yake: aliye karibu nawe na mwenye majeshi atakudai ushuru, aliye ng'ambo atauza maarifa. Badilishana maarifa na wa mbali, jenga kuta dhidi ya wa karibu.

Maajabu na misafara

Kuna maajabu 21, piramidi zikiwemo, 7 kwa kila zama, na kila moja hujengwa mara moja tu duniani. Usiyafukuzie yote. Baada ya piramidi, mimi hutafuta yale yanayofanya kazi pamoja ndani ya mji mmoja. Sanamu kubwa ya Colossus huongeza biashara ya mji uliolijenga, kituo cha nyota cha Copernicus huongeza utafiti wa mji huo huo, na chuo cha Isaac Newton huja baadaye juu yao. Mji mmoja wa bandarini wenye hayo matatu, maktaba na chuo kikuu unaweza kutafiti kuliko miji mingine kadhaa kwa pamoja.

Namna ya kuyajenga kwa haraka ni misafara. Msafara hugharimu ngao 50, na ukiingia katika mji unaojenga ajabu huziongeza ngao zote 50 bila kupunguza hata moja. Miji mingi midogo iliyo karibu, ile iliyopangwa kwa kugongana miraba, inakuwa mito inayotiririsha misafara kwenye mji mmoja. Weka misafara 4 au 5 ikisubiri ndani ya mji kabla ugunduzi haujakamilika, na ajabu litasimama zamu moja au mbili baada ya kujulikana. Zaidi ya hayo, toleo hili halitozi chochote unapobadili kitu kinachojengwa, hivyo mji unaweza kuanza kambi ya askari na kugeuzia ngao zake kwenye ajabu ugunduzi unapofika. Wa toleo la pili hutozwa nusu kwa ujanja huo.

Kuufikisha mwisho

Zama za viwanda hupita haraka ukizipangia reli. Reli humwezesha askari kwenda mbali kadiri inavyofika bila kutumia hatua, na huongeza mazao ya mraba. Walowezi waliobaki bila kazi wote waende huko. Viwanda vitaanza kuchafua miraba, na walowezi hao hao ndio watakaoisafisha; uchafu ukiachwa, joto la dunia hupanda na mashamba ya pwani hugeuka vinamasi.

Ushindi wa chombo cha angani unahitaji kwanza mpango wa Apollo, ajabu ambalo pia huifunua ramani yote. Kuanzia hapo taifa lolote lenye maarifa ya kutosha linaweza kujenga sehemu za chombo, likiwemo la adui. Usirushe chombo kizito kisicho na injini za kutosha, kwa kuwa muda wa safari ndio unaoamua, na mshindi ni anayefika kwanza. Tazama muda unaokadiriwa kabla ya kurusha, na ongeza injini hadi uridhike nao.

Chombo kikiwa safarini, mji mkuu wako ukitekwa safari imefutika. Kabla ya kurusha, uwe na ukuta na walinzi wa kisasa 4 au zaidi ndani yake, na kwenye miraba ya kando yake pawe na vikosi vinavyowazuia maadui kusogelea, maana kanuni ya eneo la udhibiti hairuhusu kikosi kupita kutoka mraba ulio jirani na adui hadi mwingine ulio jirani naye. Kama ni adui aliyerusha kwanza, hesabu ile ile inakuwa upande wako: acha kila kitu na uuelekee mji mkuu wake.

Ukishinda katika ngazi ya pili, panda ya tatu na ubadilishe jambo moja tu katika mpango wako. Raia walioridhika wanashuka kutoka 5 hadi 4, kwa hiyo hekalu la kila mji lianze kujengwa raia mmoja mapema zaidi.